Niliingia nyumba ya baba mkwe mvua ikinyesha, ndipo nikajua ubunifu unatokaga wapi

Wakuu, shikamoo zenu nimeshazipokea kabla hamjazitoa. Kwa umri wangu humu ndani sijaona wa kumwamkia mimi.

Ninachosimulia kilinitokea mwenyewe, mwili wangu huu. Wengine waliokuwepo bado wapo hai na wana simu. Nikiongeza chumvi watanivua nguo hapa hapa mbele yenu, na kwenye stori hii mambo ya kuvua nguo yapo ya kutosha.

Msinisahihishe maandishi. Simu naiongelesha, yenyewe ndiyo inaandika. Shule niliishia darasa la pili, haya mengine ya kusoma nimeyapata kwenye kisomo cha watu wazima, tukikaa juu ya magunia kwenye ghala la kijiji.

Sasa.

Kuna kijana alianzisha uzi humu anauliza huu ubunifu, wenyewe mnaita creativity, mtu anazaliwa nao ama anafundishwa? Nimesoma majibu yenu yote. Mmoja kaandika mambo ya ubongo wa kushoto na ubongo wa kulia. Mwingine eti ukae mahali patulivu, unywe kahawa, idea itakuja yenyewe.

Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Mimi yangu ilinijia nikiwa nimelowa, nalia, na baba mkwe wangu hana nguo.

Ngoja niwaeleze vizuri.

Mimi nimezaliwa Tarime, huko juu kwenye baridi. Nikaolewa huku chini Serengeti, upande wa Mbalibali. Mume wangu anaitwa Mwita. Baba yake silitaji jina lake, hata leo na amekufa siku nyingi. Mkamwana wa Kikurya halitaji jina la baba mkwe. Nitamwita Mzee, mtanielewa.

Kwa ambao si watu wa huku: sisi mkamwana na baba mkwe hatuonani. Simaanishi tuna ugomvi. Ni heshima, ni aibu, tunaiita ensoni. Ukimwona anakuja njiani wewe unaingia kwenye majani unampa mgongo mpaka apite. Huli naye, humshiki mkono, na nyumba yake huikanyagi. Yeye naye anakusaidia. Akikaribia mahali ulipo anakohoa. Mzee alikuwa na kikohozi chake kifupi, mara mbili, khu khu. Mimi nikisikia hicho hata kama nina ugali jikoni nauacha.

Zamani ilikuwa rahisi. Mji wetu ulikuwa wa duara, zizi la ng'ombe katikati, nyumba ya Mzee upande wake, zetu wake za watoto upande wetu. Hata ukifumba macho miguu inajua iende wapi.

Halafu ikaja operesheni. Ujamaa. Tukaambiwa tuhame, tukae pamoja kijijini, kuna shule, kuna bomba litakuja. Tukahama na mabati mawili, kuku, na mawe ya kusagia.

Sasa hapo kijijini kulikuwa na Katibu. Kijana mdogo wa mkoa mwingine, msafi, Kiswahili chake kama redio. Yeye alikuwa na kamba. Alivuta kamba kutoka mwanzo wa kijiji mpaka mwisho, akasema nyumba zote zijipange kwenye kamba. Zote pembe nne, zote ukubwa mmoja, milango yote iangalie barabara. Tukajenga. Udongo ule ule, nyasi zile zile.

Na akagawa nyumba kwa jinsi majina yalivyomjia. Yetu mimi na Mwita ikafuatana na ya Mzee. Ukuta na ukuta!

Wazee walimfuata wakamwambia mkamwana na baba mkwe hawakai hivi. Akawajibu kwa adabu tu kwamba ndugu zangu, kwenye ujamaa hakuna cha mkwe, sote ni ndugu. Wazee wakarudi wanatazamana.

Basi tukaishi. Mzee akawa anakohoa kutwa nzima, mtu unaweza kudhani ana kifua kikuu.

Siku yenyewe ilikuwa mchana. Tulikuwa shamba la kijiji, mawingu yakaja meusi. Mimi nina mzigo wa kuni kichwani. Nilipokaribia nyumbani ikaanza mvua ya mawe, ile inayopiga mgongo kama unachapwa. Nikainamisha kichwa. Kuni zimeniziba macho, naona miguu yangu na matope tu.

Nikakimbia. Nikaona mlango. Nikaingia. Nikatupa kuni chini, nikasema kwa sauti, "Uuuwi, nimekufa mimi."

Nikainua uso.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Naye alikuwa amelowa. Shuka yake ameitundika ikauke, anajipaka mafuta miguuni.

Sitasema niliona nini. Niliona.

Hakukohoa. Angekohoa saa ngapi?

Wakuu, sikumbuki nilitokaje. Nakumbuka nimekaa kwenye zizi la kijiji katikati ya ng'ombe, mawe yananipiga, na siendi popote maana nyumba naogopa. Ninaogopa nyumba zote. Mwita ndiye alikuja kunitoa. Hakuniuliza kitu. Kuni zangu alizikuta kwa baba yake, akawa ameshaelewa.

Jioni kijiji kizima kinajua.

Mke wa kaka yake Mwita, huyu nimwite Wankuru, alikuwa na mdomo. Nikipita kisimani ananiuliza mbele ya wanawake, "Mgeni wa Mzee, leo unalala wapi?" Wenzake wanaangua kicheko. Mimi nachota maji nusu ndoo naondoka, natamani ardhi inimeze.

Alichinjwa mbuzi, wazee wakasema maneno yao ya kusafisha. Halafu mama mkwe akanijia jikoni. Alikuwa mwanamke mpole, hakunifokea. Aliniambia, "Mara ya kwanza ni mvua. Mara ya pili ni wewe." Wazee walikuwa wamekata shauri: ikitokea tena narudishwa kwetu, na ng'ombe wa mahari wanarudi.

Hapo mnielewe vizuri. Ng'ombe wangu hawakuwa tena kwetu. Kaka yangu alikuwa ameshaoa kwa ng'ombe wale wale, mke wake ana mimba. Wakirudishwa wangu, na yeye mke anaondoka. Yaani mimi nikikosea mlango, nyumba mbili zinavunjika.

Na mlango wenyewe sasa! Nyumba zinafanana kama mayai.

Nikaanza kutafuta njia. Kwanza nikawa nahesabu nyumba kuanzia kwenye kona. Nikazoea. Katibu akaongeza familia tatu pale mwanzoni, hesabu yangu yote ikaharibika. Siku hiyo nilisimama barabarani na ndoo kichwani mpaka Mwita akatoka akaniita.

Nikafunga kitambaa chekundu mlangoni. Mbuzi akakila.

Nikaweka jiwe kubwa karibu na mlango. Wanaume wakalibeba kwenda kuliweka kwenye jiko la sherehe.

Msicheke. Kila nikirudi kutoka shambani nasimama nje nasikiliza kama kuna kikohozi ndani. Majirani wananiona nimesimama nje ya nyumba yangu mwenyewe kama mwizi. Aibu juu ya aibu.

Ikatangazwa wageni wanakuja, wakubwa kutoka wilayani. Katibu akaagiza nyumba zote zisiribwe upya. Wanawake wote tukatoka na udongo na mavi ya ng'ombe tunapaka kuta. Mimi napaka wangu, Wankuru anapaka wake ng'ambo, ananirushia maneno: paka vizuri, mkwe wako anaangalia.

Nikakasirika. Nikavuta vidole vyangu vyote kwenye udongo mbichi, hivi, kutoka juu mpaka chini, kama paka anakwaruza.

Nikasimama. Nikaangalia ile mistari.

Nikaikumbuka. Mistari ile ninayo ndani.

Nilikuwa na kibuyu cha maziwa nilichotoka nacho kwetu. Bibi yangu alikichora kwa chuma cha moto, mistari inapanda na kushuka kama milima ya Tarime, katikati nukta nukta. Kibuyu hicho kimekaa nyumbani tangu naolewa. Nakiosha kila asubuhi. Nilikuwa sijawahi kukiangalia, wallahi. Nilikuwa nakunywa maziwa tu.

Nikakichukua nikakiweka chini mbele ya ukuta. Nikaleta majivu, nikaleta masizi ya chungu, nikaenda mtoni kuchukua ule udongo mweupe. Nikahamisha dizaini ya kibuyu ikawa ukutani, kubwa, kutoka kona mpaka kona. Sikuwa nafikiria uzuri. Nilikuwa nafikiria mvua. Nilitaka nikiinamisha kichwa na mzigo wa kuni, nione milima ile hata kwa jicho moja la chini, nijue hapa ndipo kwangu. Ndiyo maana nilianza chini kabisa, karibu na ardhi. Wachoraji wa kweli wangeanza juu.

Nilipomaliza, moyo ukatulia kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Haukutulia sana.

Wankuru alikuja, akasimama, akaweka mikono kiunoni. Akasema kwa sauti wote wasikie, "Haya. Umejiwekea bango. Hata asiyejua sasa atajua ni nyumba ya nani."

Na ikawa kweli. Watu walikuja kuangalia, wanaoneshana kwa kidole. Ndiyo ile, ya yule. Watoto wakaja na wimbo. Nilichofanya ili nifiche aibu kikawa ndicho kinachoitangaza. Mwita alikuwa mtu wa kunyamaza, ila jioni alikula kidogo akasukuma sahani.

Katibu naye akaja. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba wageni wanakuja kuona kijiji kilichonyooka, na nyumba moja ikiwa na madoadoa inaharibu mstari wote. Akatupa mpaka kesho asubuhi iwe imefutwa, atapita kukagua.

Mwita akachukua jembe akaanza kukwangua. Nilimshika mkono. Mimi ambaye sikuwahi kumjibu mume wangu.

Nikamwambia, "Ukifuta, kesho mvua ikinyesha nitaingia wapi?"

Akasimama na jembe. Kipande alichokwangua kilikuwa kama mkono wangu hivi. Akaniambia, "Na wakisema tunamdharau Katibu?" Sikumwachia mkono. Akaweka jembe chini, akaenda kukaa kwa wenzake. Sikujua kama atarudi kumalizia asubuhi au ataacha. Yeye mwenyewe nadhani hakujua.

Upande wa pili wa ukuta nikasikia khu khu. Mzee alikuwepo. Alikuwa amesikia kila kitu.

Kulipokucha nilitoka kwenda kuchota maji. Nikakuta watu wamejaa nje ya nyumba ya Mzee. Nikajificha nyuma ya pembe ya nyumba yetu nikachungulia.

Kwenye ukuta wa Mzee kulikuwa na ng'ombe.

Wakuu, ng'ombe gani yule! Amechorwa kwa masizi na vidole. Miguu yote minne iko upande mmoja, imejipanga kama meno ya kitana. Pembe moja inaangalia mbinguni, nyingine imelala. Mkia mnene kuliko mguu. Jicho liko karibu na sikio.

Kusiriba na kupaka ukuta ni kazi ya wanawake kwetu. Mwanaume mzima hashiki udongo wa ukuta, na mzee mwenye wajukuu ndiyo kabisa. Watu walikuwa wanakibana kicheko mpaka machozi yanawatoka, hawajui kama inaruhusiwa kumcheka. Mama mkwe amekaa mlangoni amejifunika kanga usoni, mabega yanatikisika.

Katibu akafika. Akaangalia ukuta wangu. Akaangalia ukuta wa Mzee. Akauliza nani amefanya hivi.

Mzee akatoka. Mikono yake bado ina masizi mpaka kwenye kiwiko, na hata hakuificha. Akasema, "Mimi."

Halafu akamuuliza Katibu, taratibu kabisa, "Ng'ombe wa kijiji wako zizi moja. Wa kwangu unamjuaje na wa jirani?"

Katibu akajibu, kwa alama, mzee.

"Basi na nyumba ni hivyo hivyo. Uliziswaga zizi moja, ukasahau alama."

Kicheko kilichokuwa kimebanwa kikatoka chote. Lakini wakuu, sikilizeni, walikuwa wanacheka ng'ombe. Walikuwa wanacheka miguu ya ng'ombe na masizi ya Mzee. Hakuna aliyeniangalia mimi. Tangu siku ile ya mvua hiyo ndiyo asubuhi ya kwanza hakuna mtu aliyeniangalia mimi.

Mzee akaja upande wetu. Akakohoa. Nikageuka nikampa mgongo, nimeegemea ukuta wangu, udongo umeniganda kwenye gauni. Palikuwa na ndama amefungwa hapo. Mkwe haongei na mkamwana, kwa hiyo Mzee aliongea na ndama.

"We ndama. Nyumba yenye ng'ombe ni ya kwangu. Yenye kibuyu ni ya mwenzako. Hata mawe yakinyesha, ndama mwenye akili hawezi kupotea sasa."

Kisha akaenda zake.

Nililia pale pale, na ndama ananilamba kiwiko.

Hayo ndiyo maneno pekee Mzee aliyowahi kuniambia maisha yake yote. Na hata hayo aliambiwa ndama.

Wageni walipokuja, Katibu alikuwa ameshageuka. Akawapitisha mbele ya kuta zetu, akawaambia huu ni ubunifu wa wananchi wa kijiji hiki. Wageni wakapiga makofi. Mimi hilo neno nilikuwa silijui. Nikamuuliza Mwita ubunifu ni nini. Akafikiri, akasema, "Ni kufanya ujinga halafu wakubwa wakaupenda."

Baadaye wanawake walikuja mmoja mmoja wanataka niwachoree. Wankuru alikuja wa mwisho, anaangalia pembeni, ananiuliza majivu yale niliyachanganya na nini. Sikumwambia neno baya, ingawa nilikuwa nalo tayari mdomoni. Ila nilishindwa kumchorea. Nilijaribu nikakuta mkono hauendi. Nikamuuliza, wewe ndani kwako una nini? Akarudi na kikapu cha mama yake. Tukakaa tukakiangalia mpaka tukakiona.

Ndiyo jibu langu kwa yule kijana aliyeuliza.

Mimi sikuzaliwa nao, na hakuna aliyenifundisha. Kibuyu kilikuwepo, majivu yalikuwepo, ukuta ulikuwepo. Nilichokuwa sina ni shida ya kunifanya niviangalie. Ile aibu ndiyo ilinifumbua macho. Na hata hivyo isingetosha. Ningechora, wangefuta, na leo mngekuwa hamna stori. Ilibidi atokee mtu mwingine, mwenye heshima kuliko mimi, akubali kuchekwa na yeye. Kwenye komenti zenu za ubongo wa kulia hiyo sikuiona imeandikwa.

Na msidhani aibu iliisha. Hivi ninavyoongea na simu uso unawaka.

Mzee alipofariki, mvua za mwaka ule zilianza kumwosha ng'ombe wake. Mguu mmoja ukaenda, pembe ikaenda. Wajukuu zangu wakasema bibi, wewe ndiye unajua kuchora, hebu mchore vizuri sasa, miguu ikae sawa.

Nikakataa. Namrudisha kila mwaka kama Mzee alivyomwacha, miguu yote upande mmoja, mkia mnene, jicho sikioni. Nyumba ya Mzee ya udongo ilishaanguka, wanangu wamejenga ya tofali pale pale, lakini ng'ombe nilimhamishia kwenye ukuta wa nje wa hiyo mpya.

Na kabla sijaugusa, nikiwa nimeshika masizi yangu, huwa nakohoa kwanza. Mara mbili.

Haya, nimemaliza, mdomo umekauka. Semeni na nyie: ni aibu gani iliwahi kuwatoa kitu kichwani ambacho hamkujua kimo? Na vijana wa Issenye na Nyambureti, najua mmo humu mnasoma kimya kimya, kama kwenu bado kuna bibi anachora ukuta mpigeni picha muiweke hapa. Wankuru, na wewe nimekuona uko online. Sema tu.